Bwana Kesho Apanda Mlima

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana watu wa Kasongo wenye umri wangu wataanza nao hata nikiuficha. Mkanda wa kwanza wa sinema niliotengeneza maishani niliuanika juani. Niliutoa katika kopo lake la bati, nikaukunjua wote, nikautandaza juu ya jamvi la mpunga uani kwa shangazi yangu, nikauwekea vijiwe pembeni usipeperuke, kisha nikakaa chini ya upenu kufukuza kuku. Padri wa misioni alikuwa ameniambia, kidole chake kimesimama mbele ya pua yangu, kwamba mkanda usipate unyevu hata kidogo, unyevu ndio adui. Na mvua zilikuwa zimekolea, hata chumvi jikoni ilikuwa imegeuka uji. Sasa kwetu kitu kikipata unyevu kinafanywa nini? Mpunga tunaanika, samaki tunaanika, godoro la mtoto tunaanika. Na mimi, mtu niliyefika sekondari, nikaanika picha za wiki nyingi ambazo mwanga wa kufumba na kufumbua ungetosha kuziua. Niliugeuza hata upande wa pili, ukauke sawasawa.

Aliyenikumbusha haya ni Feruzi, mwenzangu wa ujanani. Mwezi uliopita mjukuu wake alinipigia simu kutoka Kabambare: babu amelala, hajaamka, tunazika leo. Nilifika matanga yakikaribia kwisha, nyuma ya pikipiki, nimevaa miwani ya mtu mwingine, tope limenifika kwenye nyusi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Watoto wangu husema nikitumwa dukani naaga kama mtu anayekwenda Maka. Basi nimekaa pale mkekani, sahani ya wali, nyama na sombe ya majani ya muhogo mbele yangu, nikasikia vijana wawili wakiongea nyuma ya ukuta wa matete. Mmoja akasema, "Babu alikuwa na uongo mutamu. Ati yeye na mwenzake walifanya sinema kule Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Sinema ya mutu wa udongo anatembea yeye mwenyewe." Wa pili akauliza, "Na huyo mwenzake ni nani?" "Ati ni ule muzee anakula pale." Wakachungulia. Nilikuwa na mfupa mdomoni. Nadhani ushahidi wangu haukuwatosha.

Ulikuwa mwaka ambao watu walikuwa bado hawajaanza kulitamka neno uhuru nje ya nyumba zao. Nilikuwa nimemaliza masomo niliyoweza kuyamaliza, nasubiri kuitwa ukarani, na kusubiri ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote. Feruzi alikuwa mwenzangu wa darasani, mtu wa Kabambare anayekaa kwa mjomba wake jirani nasi. Mikono yake ilikuwa myepesi, subira hana. Na palikuwa na padri tuliyemwita Polepole, kwa vile alivyoendesha motokari yake hata kuku wakawa wanaipita. Alizunguka vijijini na mashini ya sinema, akaonyesha picha za dini kwenye shuka, na shida yake ilikuwa kwamba watu hawakunyamaza. Akataka kitu kifupi cha kuanzia, cha kufunga midomo. Alituita sisi wawili kwa sababu shuleni ndio tulioadhibiwa sana kwa kuchora kutani. Siku ile alitoa kibunda cha karatasi ndogo, na kila moja alikuwa amechora mtu yule yule, ila mkono umesogea kidogo. Akazipitisha kwa kidole gumba, frrr, na yule mtu akavua kofia akatusalimia. Feruzi alirudi nyuma. Mimi nikaitikia salamu. Nimeona mengi tangu wakati ule, nimeona ndege, nimeona simu inayonionyesha uso wa mjukuu wangu akiwa Goma anapiga mswaki, lakini hakuna kilichonipiga kifuani namna ile. Karatasi zilikuwa zimekufa, moja moja. Katikati ya moja na nyingine, pale ambapo hapakuwa na kitu chochote, palikuwa na mtu hai.

Misioni hapakuwa na chumba kisichovuja, kwa hiyo tukahamia, na kamera aliyotukabidhi Padri, katika stoo ya mpunga ya Shangazi Mwajuma, chumba chenye mlango mmoja na dirisha dogo, harufu ya makapi na panya, baridi nzuri hata saa saba mchana. Tulipanga hivi: mtu wa udongo abebe gunia la mpunga, apande mlima uliofinyangwa juu ya meza, afike kileleni, alitue. Basi. Shangazi aliingia siku ya kwanza Feruzi akiwa anafinyanga kichwa, akasimama, mikono kiunoni.

"Munafanya nini na udongo wangu wa jiko?"

"Mutu, Shangazi," nikasema.

"Mutu anafanywa na Mungu."

"Huyu ni wa udongo tu."

"Hata Adamu alikuwa wa udongo tu."

Feruzi akashusha kile kichwa taratibu mezani. Sote watatu tulikaa chuo kimoja cha Kurani, kwa nyakati tofauti, na sote tulifundishwa kwamba mwenye kufanya sanamu ataambiwa siku ya kiama aitie roho, na hataweza. Shangazi akanigeukia mimi, kwa sababu Feruzi alikuwa mtoto wa watu. "Na wewe, ukiulizwa siku ile, utajibu nini? Utasema ulikuwa vakansi, unapumzika?" Jibu hilo hadi leo, nikiwa karibu zaidi na siku hiyo kuliko na nyingine yoyote, ninalitafuta. Mwishowe alitupa ruhusa yenye masharti. Mtu yule asitiwe macho, wala pua, wala mdomo. Na mpunga mpya ukianza kuingia, tutoke, tumefika kileleni au hatujafika, maana stoo haikujengwa kwa ajili ya watu wasio na kazi.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa mtu wetu, kichwa laini kama yai, gunia mgongoni. Na kazi yenyewe ilikuwa hivi: unabonyeza kamera mara moja, inakamata picha moja, unamsogeza mtu wako upana wa punje ya mchele, unatoa mkono, unabonyeza tena. Mguu peke yake haunyanyuki. Ukinyanyua mguu, bega nalo linashuka kidogo, gunia linainama, shingo inajibu. Asubuhi nzima ikipita, ameinua unyayo. Kwangu mimi ilikuwa pepo: kazi ambayo ukitingishika umeiharibu. Feruzi ilikuwa inamuua, akawa anatoka nje kupiga mateke magogo kisha anarudi. Jirani yetu Mama Tabu, mwanamke mkavu wa maneno aliyekuja kila siku kwa Shangazi kuomba moto na kuacha habari, alisimama mlangoni akauliza, "Amefika wapi?" Nikasema bado yuko chini ya mlima. "Jana pia alikuwa chini." "Jana alikuwa chini zaidi, Mama." Akatazama, akasema, "Sawa. Huyu ni Bwana Kesho." Jina likashika. Mjini kote watu wakauliza habari za Bwana Kesho kama za mgonjwa.

Mkanda ule wa kwanza ndio nilioanika. Padri alipofika na kunikuta nimeketi kwa fahari na fimbo yangu ya kuku, alitazama jamvi muda mrefu. Hakupaza sauti. Alivua kofia, akakaa chini kando yangu, juu ya vumbi na kanzu yake nyeupe, akauliza kwa Kiswahili chake kilichokuwa kizuri kuliko alivyojua, "Imekauka?" Nikasema bado upande mmoja. Ndipo akaanza kucheka, akacheka mpaka Shangazi akamletea maji, na alipomaliza kucheka macho yake yalikuwa mekundu na akaondoka bila kuaga. Feruzi alipojua, hakunisemesha kwa siku kadhaa. Aliongea na mimi kupitia kwa udongo. "Bwana Kesho," alimwambia yule mtu, "muambie Mwanika anipe kisu." Hilo nalo likashika. Mpaka leo wapo wazee wanaoniita Mwanika, na watoto wao hudhani ni jina la ukoo.

Tukaanza upya kutoka chini. Mkanda wa pili ulikwenda Ulaya kusafishwa, kwa sababu wakati ule picha zetu zilibidi zisafiri mbali kuliko sisi, na tukangoja mvua zikaisha na majani yakakauka. Uliporudi Padri alifunga madirisha ya chumba chake kwa mablanketi akawasha mashini. Nilichokiona kwanza ni radi: mwanga unawaka na kuzima, unawaka na kuzima, kwa sababu kila wingu lililopita juu ya dirisha la stoo lilikuwa limeingia kwenye picha bila kubisha hodi. Kisha meza nzima ikaruka kama iliyoumwa na siafu. Hapo Padri mwenyewe alikuwa ameigonga kamera kwa tumbo, akakiri. Na kila baada ya kitambo kidogo Bwana Kesho alipotea mahali alipokuwa akatokea pengine, amegeuka, mara nyingine kiganja changu kikubwa kikimfunika kama mkono wa malaika asiyejua kazi. Tulishangaa kwa nini. Tukaurudia mkanda, na Feruzi ndiye aliyegundua. "Ni salamu," akasema.

Kweli zilikuwa salamu. Nyumba ya Shangazi ilikuwa na wageni tangu alfajiri hadi jioni, na mzee akipita mlangoni kwetu huwezi kubaki umeinama juu ya meza kama fisi. Unasimama, unatoa mkono, unaulizwa habari za kuamka, za nyumba, za afya, za mjomba anayekaa Wamaza, unajibu zote, unauliza zako. Ukirudi mezani umesahau mguu gani ulikuwa juu. Adabu yetu yote ilikuwa mle kwenye mkanda, mgeni mmoja baada ya mwingine, ukijua kuihesabu.

Lakini palikuwa na kipande kidogo. Lazima ilikuwa saa ya swala ya Ijumaa, wanaume wote wako msikitini isipokuwa sisi wawili, Mungu atusamehe, na mbingu haina wingu. Mwanga ulitulia. Bwana Kesho aliweka unyayo, akasita, gunia likamlemea, akainua kichwa chake kisicho na uso kutazama mlima ulivyobaki mrefu. Kisha akashusha kichwa akaendelea. Ni kitambo cha pumzi mbili. Sikuvuta hata moja. Nilikuwa nimemsogeza mimi, kila upana wa unywele wa safari ile nilikuwa nimeugusa kwa vidole hivi, na bado sikuwa nimewahi kumwona akifanya vile. Alikuwa amechoka. Nani alimpa uchovu? Padri alizima mashini, chumba kikawa giza, na nikasikia sauti ya Feruzi, ndogo, "Rudisha." Tukarudisha mpaka Padri akahofia mkanda utakatika.

Nilipomsimulia Shangazi habari za salamu aliendelea kuchambua maharagi. Kesho yake aliweka kiti chake mbele ya mlango wa stoo. Mzee wa kwanza alipofika na kutuulizia, Shangazi akajibu, bila kugeuka, "Wako safarini." Mimi niko hapo ndani, mgongo wangu unaonekana. Mzee akachungulia, akaelewa au akakubali kutoelewa, akasema, "Wafike salama." Na kwa kuwa msafiri hadaiwi salamu, tukawa safarini. Mtu ambaye hajawahi kutoka Kasongo kwa hiari yake akawa msafiri hatua chache kutoka kitandani kwake. Wanawake wa jirani walituletea ndizi za mawese zilizofungwa kwenye majani, kama zinavyofungiwa watu wanaokwenda mbali, na Mama Tabu alituulizia kila asubuhi kwa Shangazi kama wasafiri wameleta habari. "Walituma neno," Shangazi alijibu. "Wanasema njia ni mbaya."

Njia ilikuwa mbaya. Padri alituambia mkanda wa tatu ndio wa mwisho, hana mwingine na hatapewa. Tuliziba dirisha, tukawasha taa mbili za karabai zilizovuma kama nyuki, joto likawa la tanuru, na joto likala udongo. Bwana Kesho akaanza kupasuka. Kila asubuhi tulimpaka maji kwa unyoya. Mashambani mpunga ulikuwa umeshaanza kuwa wa rangi ya dhahabu, na sisi tuko nusu ya mlima, siku ambayo nilimshika paja nisogeze goti na mguu wote ukabaki mkononi mwangu. Mtu akaanguka kifudifudi, gunia juu yake. Feruzi alitazama. Sikumwona akikasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mimi naenda kwetu," akatoka.

Nilikaa na mguu ule kiganjani kwa muda mrefu sana, nje wakitwanga, sauti ya mtoto akisomeshwa alifu. Kumrudisha alivyokuwa haikuwezekana. Kuanza upya, mkanda haupo. Ningependa kuandika kwamba nilipata wazo. Sikupata. Nilibonyeza kamera kwa hasira tu, jinsi mtu anavyopiga ukuta. Nikabonyeza tena. Nikakamata picha za mtu aliyeanguka, hasogei, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kikauma, na hasira ikaisha ikabaki kazi. Sijui Feruzi alirudi saa ngapi. Nilijua yupo nilipoona vidole vyake mezani. Alichomeka kijiti cha mfagio mahali pa mguu, akamnyanyua bega moja upana wa punje ya mchele, akatoa mkono. Nikabonyeza.

Kwa hiyo nusu ya pili ya mlima aliipanda akichechemea. Siku ya mwisho tulisikia mpunga unapigwa uani, na magunia ya kwanza yalikuwa yameegemezwa kwenye kiti cha Shangazi. Zilibaki hatua chache kufika kileleni. Shangazi alisema, "Wasafiri, nyumba inahitajika," lakini hakusimama. Tulikuwa tumemfikisha juu, tumeanza kumshusha gunia, wakati kamera ilipobadilisha sauti. Ilikuwa inasema *tak*. Sasa ilisema *tik*. Mkanda ulikuwa umekwisha, hilo tulilijua. Hatukujua umekwisha lini. Kijisaa cha kamera cha kuonyesha mkanda uliobaki kilikuwa kimekufa tangu Padri aigonge kwa tumbo lake, na katika ule mvumo wa taa, Feruzi aliapa kwamba *tik* imeanza sasa hivi, mimi nikaona kama ilianza tangu adhuhuri, wakati mtu wetu angali mbali na kilele. Tukabishana tukibeba meza nje, magunia yakiingia.

Miezi hiyo ya kungoja nilikonda. Nilimwona Bwana Kesho usingizini akipanda na mlima unakatika. Kabla mkanda haujarudi, Padri alihamishiwa Kabambare akaondoka na mashini yake, na habari ilipokuja kwamba kifurushi kimefika kutoka Ulaya, kilikuwa kimemfuata huko. Bahati Shangazi alikuwa na harusi ya ndugu Kabambare. Tukapanda kamyo, lori la kubebea pamba, mimi, Feruzi, Shangazi na Mama Tabu aliyesema anakuja kuangalia bibi harusi lakini njia nzima aliongea habari za Bwana Kesho. Nilitapika kabla ya kivuko na baada ya kivuko. Feruzi alinishika shingo akaniambia, "Kaka, yeye alipanda na mguu mumoja. Wewe uko juu ya kamyo."

Walionyesha katika darasa, mchana, madirisha yamefungwa kwa mikeka, watu wa harusi na watu wa misioni wamebanana mpaka kutani. Kelele kama sokoni. Padri akawasha. Yule mtu asiye na uso akatokea, gunia mgongoni, akaweka mguu, na kelele zikakatika kama zilizokatwa kwa panga. Alipanda. Alipoanguka, mwanamke mmoja akasema "Ee Mungu" polepole, na Bwana Kesho akalala pale chini, akalala, akalala, zile picha zangu za hasira zote, hakuna aliyekohoa. Nilifikiri nimewaharibia. Kisha bega likasogea, na darasa zima likavuta pumzi pamoja, nikaisikia ikipita juu ya kichwa changu kama upepo. Mtu akamwambia, "Weka muzigo kwanza, baba." Hakuuweka. Akachechemea nao. Mimi sikuwa tena naangalia. Nilikuwa nimefunga macho, nasubiri shuka igeuke nyeupe, na Feruzi ndiye aliyenifinya. Bwana Kesho alikuwa amesimama kileleni. Akapinda magoti, la udongo na la kijiti, akaanza kushusha gunia, na gunia likiwa bado halijagusa chini, mwanga mweupe ukammeza.

Hakuna aliyeondoka. Walitazama ile nyeupe kana kwamba bado yumo. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa ushungi wake mdomoni, na bila kunitazama akasema, "Nitakuombea," nami sikujua kama ni kwa kunionea fahari au kunihofia, wala yeye nadhani hakujua. Padri akauliza kwa Kiswahili kama kuna mwenye neno. Ndipo Mama Tabu aliposimama nyuma kabisa, akafunga kanga yake vizuri, akatutafuta sisi wawili kwa macho.

"Mimi niko na moja tu," akasema. "Mpunga wote wa Kasongo unabebwa na wanawake, na nyinyi mukafanya mwanaume. Ndiyo maana alianguka."